Mechi Asiyoikumbuka

Mume wangu alikuwa namba tano. Hata miaka mingi baada ya kuacha kucheza, mtu akimuuliza anafanya kazi gani, jibu lake la kwanza lilikuwa hilo, namba tano, beki wa kati, halafu ndipo akumbuke kuongeza kwamba siku hizi anafundisha timu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wachezaji wake walimwita mwalimu, wanafunzi wangu waliniita mwalimu, na mtu akibisha hodi kwetu akasema anamtaka mwalimu, binti yetu alikuwa anauliza, "Wa mpira au wa hesabu?"

Nilimwona mara ya kwanza huko Mpwapwa, nikiwa nasoma ualimu. Vijana wa kijiji cha Gulwe walikuja kucheza na chuo chetu, wamepanda lori la kubebea karanga, na miongoni mwao kulikuwa na mrefu mmoja mwembamba ambaye kila mpira wa juu ulikuwa wake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mpira wa ngozi wa siku zile ukilowa ulikuwa mzito kama tofali, na wenzake wote walikuwa wanaukwepa kwa ujanja, wanainamisha shingo na kujifanya wamechelewa. Yeye aliufuata. Sisi wasichana tulikaa pembeni kwenye nyasi, na kila alipoupiga tulisikia ule mlio, tukawa tunajishika vichwa na kucheka. Baada ya mechi nilimkuta bombani anajimwagia maji utosini. Nikamuuliza kama kichwa hakimuumi.

"Kinauma," akasema. "Lakini mpira haukupita."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na nimelifikiria sana siku hizi.

Alichukuliwa na klabu ya Dodoma mjini, klabu ambayo sitaitaja, na nilipomaliza chuo nikapangiwa shule huko huko, tukaoana. Tulianza maisha mtaa wa Area D, chumba na sebule, uani tunachangia bomba na familia nyingine. Jumapili jioni alirudi kutoka uwanjani na kabla ya kula alilala chali kwenye sakafu ya saruji, kisogo kimegusa ubaridi, macho amefumba. Nilimpa Panadol na maji. Alilala hivyo mpaka giza liingie, halafu anaamka mcheshi kabisa, anaomba ugali wa uwele na mlenda, anaanza kunisimulia mechi nzima kwa vikombe na vijiko juu ya mkeka. Kijiko kikubwa kilikuwa yeye. Sikuwahi kujua lolote kuhusu mpira kabla yake, ila baada ya miaka michache nilikuwa naweza kukuambia kwa nini beki wa kushoto amechelewa kurudi.

Hakuwahi kuitwa timu ya taifa. Aliusubiri wito huo msimu mmoja mzima, akawa anapiga mswaki huku redio iko sikioni, na orodha iliposomwa bila yeye, alizima redio akaenda mazoezini kama kawaida. Goti ndilo lililomtoa. Liliumia, likapona, likaumia tena, na siku moja alirudi na viatu vyake amevifunga kwa kamba na kuvitundika shingoni, akasema, "Mwalimu, sasa na mimi nitafundisha."

Alikuwa ananiita hivyo mimi, Mwalimu. Mpaka mwisho wa akili zake.

Alianza chini kabisa, timu za kata, timu za sekondari, kozi moja ya ukocha baada ya nyingine. Kuna mwaka alifundisha askari magereza, wakawa wanamletea nyanya nyumbani. Alikuwa kocha mpole ambaye hakujua kutukana, na hilo lilimcheleweshea kazi, maana viongozi wa mpira walipenda kocha anayesikika kutoka jukwaani. Yeye alisimama pembeni mwa uwanja, mikono nyuma, na akitaka kumwambia mchezaji jambo alimwita karibu na kumnong'oneza. Wachezaji walimpenda kupita kiasi. Nyumba yetu haikukosa kijana anayelala sebuleni kwa sababu kodi imemshinda au amegombana na baba yake.

Hatimaye klabu yake ya zamani ilimwita. Ilikuwa daraja la kwanza, imechoka, haina hata jezi za kutosha. Aliichukua, na baada ya misimu kadhaa akaipandisha ligi kuu. Siku ile ya kupanda siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikuona kitu, nilikuwa jukwaani nimeinamisha uso kwenye kanga. Niliinua kichwa baada ya kusikia kelele, na yeye alikuwa juu ya mabega ya watu, anazungushwa, amenyoosha mguu wa lile goti lake bovu. Alirudi nyumbani kiatu kimoja. Wakati huo tulikuwa tumeshajenga mtaa wa Miyuji, nyumba isiyopigwa lipu nje, na watu walikuja kuimba pale getini mpaka majirani wakaleta soda. Binti yetu alikuwa kidato cha nne. Aliniambia, "Mama, leo baba ni mtu wa watu wote."

Hakukosea.

Dalili zilianza taratibu, na mtu wa kwanza kuziona nilikuwa mimi, na mimi sikuziita dalili. Aliniita kwa jina la dada yake wa Gulwe. Nikacheka. Alinunua mkate asubuhi, akanunua mwingine mchana, akanunua wa tatu jioni, na alipoiona ile mikate mezani alikasirika, akadai mimi ndiye niliyeinunua. Aliniuliza kama mama yake amekula, na mama yake tulikuwa tumemzika kabla binti yetu hajazaliwa. Nilijiambia ni uchovu. Ligi kuu ilikuwa inamla, safari za basi kwenda Mbeya, kwenda Bukoba, kwenda Mtwara, viongozi wanampigia simu usiku na mchana. Kocha asiyelala vizuri atakumbukaje mkate?

Msimu wa tatu wa ligi kuu uliishia kwenye mechi moja. Timu yetu ilihitaji sare tu ili ibaki. Sikwenda uwanjani, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikaweka redio dirishani na kukaa nje kwenye kivuli cha nyumba. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza bao moja. Kipindi cha pili mtangazaji akasema kuna mabadiliko, halafu akasema, "Anatoka nahodha. Beki wa kati anatoka, anaingia mshambuliaji. Jamani, sijui mwalimu anafikiria nini."

Niliweka kalamu chini.

Nahodha yule alikuwa mtoto wa sebuleni kwetu. Mume wangu alimfundisha tangu yuko sekondari, alimfundisha kuruka, kusoma mpira, kusimama. Alikuwa hajaumia. Mtangazaji akasema nahodha amegoma kutoka, sasa ametoka, amevua kitambaa cha unahodha na kukitupa. Baadaye waliokuwa benchi walinisimulia kwamba mume wangu alikuwa anaita mtu aingie kwa jina wasilolijua, analirudia rudia, wao wakadhani anatania. Lilikuwa jina la mshambuliaji aliyecheza naye ujanani. Yule mtu alikuwa amekufa kwa malaria tangu tuko Area D. Benchi wakampa kijana mwingine aliyekuwa amekaa karibu.

Tulifungwa mawili, yote ya vichwa, pale pale katikati alipokuwa amesimama nahodha. Timu ikashuka daraja.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu, amesindikizwa na gari la polisi. Alikaa sebuleni akaomba chai. Nilikuwa bado jikoni nilipoanza kusikia mawe juu ya bati. Moja, halafu mengi. Watu walikuwa barabarani wanapiga kelele kwamba ameuza mechi, mwizi, Yuda, na wengine walikuwa wale wale walioimba getini. Nilimvuta tukakaa chini nyuma ya kochi, nikamshika mkono. Alikuwa ananitazama kwa mshangao kabisa.

"Wana nini hawa?" akauliza.

"Wana hasira na mechi."

"Mechi ya lini?"

Nilidhani ni mshtuko. Nikamwambia anyamaze, polisi watawatawanya, na kweli waliwatawanya.

Kamati ya klabu ilimwita. Alivaa suti aliyoishona kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani, nikamfunga tai, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi sikuruhusiwa kuingia, nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na mlinzi. Alitoka upesi kuliko nilivyotegemea. Njiani kurudi nilimuuliza wamemuuliza nini.

"Wameniuliza kwa nini nilimtoa nahodha."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sikumbuki kumtoa."

"Halafu?"

"Wakacheka." Akatembea kidogo. "Mwalimu, nilimtoa?"

Nilipaswa kusimama pale pale barabarani na kumpeleka hospitali. Lakini mwanadamu akiwa ndani ya jambo halioni umbo lake. Nikasema ndiyo, ulimtoa, na tukaendelea kutembea. Jioni taarifa ikasomwa redioni kwamba kocha amesimamishwa kupisha uchunguzi wa tuhuma za kupanga matokeo. Huo uchunguzi sijui ulifanywa na nani. Hakuna aliyekuja kutuuliza tena, na hakuna aliyetuambia umeisha.

Kilichonivunja moyo kilikuja wiki chache baadaye. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta mlango uko wazi na nyumba imepinduliwa. Nilidhani tumeibiwa. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, nguo zote ziko sakafuni, gunia la unga limemwagwa jikoni, na yeye yuko katikati ya ule unga, mikono myeupe mpaka viwikoni, anauchambua.

"Unatafuta nini, baba?"

"Hela."

"Hela gani?"

Hakuinua uso. "Wanasema nilipewa. Mimi sikumbuki kupewa. Lakini watu wote wale hawawezi kuwa waongo, Mwalimu. Mji mzima? Kama nilipewa, nitakuwa nimeiweka humu humu ndani, maana mimi sina pengine pa kuweka kitu. Nikiipata nitawarudishia."

"Hukupewa hela yoyote."

"Wewe unajuaje?"

Nilijua kwa vile mke anavyojua, lakini hicho hakikuwa kitu cha kumwonyesha mkononi. Nikaweka mkoba wangu chini, nikapiga magoti kwenye unga, tukatafuta wote wawili. Tulitafuta ndani ya sufuria, nyuma ya kabati, chini ya zulia, ndani ya viatu vyake vya zamani. Sijui hata leo kama nilitafuta ili atulie au nilitafuta kweli. Binti yetu alitukuta hivyo. Wakati huo alikuwa ameshaanza kazi kwenye ofisi moja ya serikali, alikuja na nguo zake za ofisini, akasimama mlangoni akatutazama wazazi wake wawili wametapakaa unga.

"Mama," akasema polepole, "baba anaumwa. Baba anaumwa, na sisi tunamwangalia tu."

Ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, mwenye subira. Alimuuliza leo ni siku gani, hakujua. Alimuuliza asubuhi amekula nini, akanigeukia mimi. Akamuuliza anapenda nini, akasema mpira, na daktari akamwomba amtajie timu yake. Mume wangu alikaa sawa kwenye kiti na kuitaja timu nzima ya Gulwe ya ujana wake, kuanzia golikipa mpaka namba kumi na moja, bila kukwama, na kila mmoja alimwelezea anatumia mguu gani. Aliposema namba tano akajigusa kifua.

Daktari alinitoa nje tukazungumza kwenye korido.

"Mama, alikuwa anacheza nafasi inayopiga sana vichwa?"

"Ndiyo."

"Kwa miaka mingi?"

"Tangu mdogo. Mipira ile ya zamani ya ngozi."

Akaitikia kwa kichwa. Alisema hawezi kunihakikishia kwamba mipira ile ndiyo iliyosababisha, watu wengi wanapata ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu na hawajawahi kugusa mpira, lakini kwamba kupiga mpira kwa kichwa miaka mingi kunaweza kuchangia. Alisema ubongo unapungua taratibu, na kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea. Alisema hakuna dawa ya kuurudisha.

Nilimuuliza jambo moja tu. Nilimuuliza kama ugonjwa huo ulikuwepo siku ya mechi ile. Alikuwa anaijua mechi, Dodoma nzima iliijua.

"Kwa hali hii, mama," akasema, "ulikuwepo muda mrefu kabla ya mechi ile."

Nililia pale koridoni, na nikiri kwamba kulikuwa na furaha ndani ya kile kilio. Nilikuwa nimepata kitu cha kuwaambia watu. Sikujua kwamba watu hawakitaki.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa klabu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, nikamkuta anapokea mzigo wa saruji. Alinipa kiti, akaagiza nipewe maji, akanisikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho. Halafu akasema, "Pole sana, mama. Pole sana kwa kuuguza. Mwalimu ni mtu wetu."

"Basi semeni."

"Tuseme nini?"

"Kwamba hakuuza mechi. Siombi kazi, hawezi kazi tena. Mlitangaza redioni kwamba mnamtuhumu. Tangazeni kwamba alikuwa mgonjwa."

Alijikuna shingo. Aliangalia vijana wake wanaoshusha saruji. "Mama, hayo yamepita. Tukianza kuyafukua, wanachama watagawanyika upya. Watauliza kwa nini tuliajiri mgonjwa. Na watu wenyewe wameshasahau."

"Mimi sijasahau," nikamwambia.

"Utasahau tu, mama. Mungu atakusaidia."

Nilirudi Miyuji kwa miguu. Jua lilikuwa kali na kanga yangu ilinishika mgongoni, na njia nzima niliyapanga maneno ambayo ningemjibu.

Niliacha kazi kabla ya muda wangu ili nimtunze. Kuna siku zilikuwa nzuri. Alikaa barazani anatazama mawe ya vilima vya nyuma ya nyumba, anasema Kigogo, lugha ambayo kwetu hatukuizungumza sana, anaamkia kila mpita njia, "Mbukwa, mbukwa," kwa furaha ya mtu aliyerudi kwao. Jioni, saa za mazoezi, mwili wake ulikumbuka. Alivaa raba, akatoka. Nikichelewa kufunga geti alikuwa ameshafika barabara ya lami, na dereva mmoja wa bajaji aliyemfahamu alikuwa anamrudisha bila kusema lolote baya. Nilikuwa namuuliza anakwenda wapi. "Vijana wananisubiri," alisema. Hakukuwa na vijana. Kati ya wale wote waliolala sebuleni kwetu, walikuja wachache mwanzoni, wakawa hawajui pa kutazama, wakaacha.

Nahodha alikuja baada ya muda mrefu. Alikuwa ameacha kucheza, amenenepa kidogo, ana duka la simu mjini. Alisimama getini na mfuko wa machungwa kama mtu asiyejua kama atafukuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

"Nimesikia kwa binti yako. Mimi nilidhani..." Miaka yote ile alikuwa amedhani kwamba mtu aliyemlea alimtoa uwanjani kwa sababu ya hela.

Nilimpeleka barazani. Mume wangu hakumtambua, lakini alimtazama mabega, akamtazama miguu, akamwambia akae.

"Unacheza namba ngapi?"

"Namba tano, mwalimu."

"Nilijua." Akamwinamia, akamnong'oneza kama alivyokuwa anawanong'oneza wote, ila masikio yake yalikuwa yameanza kuziba na ule mnong'ono ulisikika mpaka jikoni. "Sikiliza. Timu ikiwa inalinda bao, wewe hutoki. Kocha akikutoa wakati huo, huyo hajui kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Yule kijana aliinuka akaenda nyuma kwenye tangi la maji. Nilimwacha. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa wote, akaomba kisu akaanza kummenyea chungwa. Baada ya siku ile alikuja kila mwezi, anamnyoa ndevu.

Mume wangu alikufa mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaanza. Ilikuwa homa ya mapafu. Alikuwa hajaniita Mwalimu kwa muda mrefu sana, wala kwa jina lolote. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kitandani namlisha uji kwa kijiko, na kijiko cha mwisho hakukimeza. Nilisubiri. Nilimfuta mdomo, nikasubiri tena, halafu nikaweka bakuli chini nikamwita binti yetu.

Ibada ya kumuaga ilifanyika hapa nyumbani kabla ya safari ya Gulwe. Turubai lilifungwa uani, watu wakajaa. Mchungaji alikuwa karibu kumaliza pale ujumbe wa klabu ulipoingia, wamevaa jezi wote, mwenyekiti mbele, nyuma yake vijana wawili wamebeba bendera ya klabu imekunjwa vizuri. Mshereheshaji akatangaza kwamba klabu inaomba kumfunika shujaa wake kwa bendera. Kuna watu walipiga makofi.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Miguu yangu ilisimama, na nikajikuta niko kati yao na jeneza.

"Mama, kaa," binti yangu alisema nyuma yangu. "Mama, tafadhali."

"Semeni kwanza," nikamwambia mwenyekiti.

Alikuwa amezeeka na yeye. "Tuseme nini, mama?"

"Unajua."

Turubai lilikuwa linapigwa na upepo. Nilikuwa tayari kumsamehe. Nataka hilo lieleweke. Kama angesema sentensi moja tu pale, kwamba mtu huyu hakuiba, ningeipokea ile bendera na kuitandika kwa mikono yangu. Alitazama chini, akatazama wenzake, akaanza, "Klabu yetu inathamini sana mchango wa marehemu..." Nikasema hapana. Nikasema mume wangu atazikwa na shuka lake.

Waligeuka na bendera yao, bado imekunjwa. Watu walinong'ona, wengine walisema uchungu umenipanda kichwani, na mchungaji alianzisha wimbo haraka. Binti yangu hakunisemesha mpaka tunapanda basi.

Gulwe tulimzika karibu na mama yake, kwenye udongo mwepesi wa mchanga ambao ulikuwa unaporomoka kila wachimbaji walipoutoa. Nahodha alikuja peke yake, hana jezi, akashika koleo na hakumwachia mtu mwingine mpaka kaburi limejaa. Kisha akanishika mkono, akaondoka na gari la jioni.

Nilibaki kwa wifi yangu, yule dada mkubwa ambaye mume wangu alikuwa anachanganya jina lake na langu. Watu wa msiba waliondoka mmoja mmoja. Kesho yake tulikaa nyuma ya nyumba, tunamenya karanga za mbegu kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na shamba haliwezi kungoja msiba. Yeye si mtu wa maneno mengi. Tulimenya muda mrefu, maganda yanarundikana miguuni.

"Wifi," akasema mwishowe.

"Abee."

"Nisikufiche. Ile bendera, ndugu yangu angeitaka."

Mikono yangu ilisimama. Nilimfikiria akiwa juu ya mabega ya watu, kiatu kimoja. Nilimfikiria akiwa ndani ya unga, anatafuta hela ya watu wale ili awarudishie. Aliwapenda. Hakuwahi kuacha kuwapenda, hata siku moja, na mwisho hakukumbuka kwamba walimpiga mawe. Mimi ndiye niliyekumbuka, nikamnyima kitu alichokitaka, mbele ya watu, na hakuna tena siku nyingine ya kumpa.

"Najua, wifi," nikasema. "Najua angeitaka."

Alisogeza ungo karibu yangu, akanimiminia karanga nyingine, na tukaendelea kumenya.